Landrova Iliyovuka Kamukuywa

Ningependa kuanza na radi na mbwa wanaobweka, ili kila mmoja ajue mapema tunaelekea wapi. Lakini siku ile mambo yalianza vizuri kabisa. Mume na mke walienda Bungoma kuchukua gari walilolinunua kwa jasho lao, jua limeanza kuteremka, na mke amefunga mahamri ya kula njiani kwenye kitambaa.

Mume aliitwa Nasir. Alikuwa fundi wa magari pale Kibomet, Kitale, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa magari makuukuu. Gari jipya alilitengeneza huku anapiga miayo. Lakini mletee gari lililoota nyasi kwenye boneti, hapo utamwona analizunguka na kucheka peke yake. Mkewe, Sumeya, alikuwa fundi wa viti na maturubai. Lori gani Kitale hii halijavaa mshono wake? Natia chumvi, lakini kidogo tu. Hawakuwa wamejaliwa mtoto bado. Sumeya alikuwa na Nasir, basi, na alimpenda waziwazi mpaka majirani wakawa wanamtania kwamba kalishwa kitu.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova ya jeshi, ya kijani kilichopauka, paa lake ni turubai lililochanika. Iliuzwa mnadani miaka mingi iliyopita, ikapita mikono miwili mitatu, ikaishia nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Bungoma, karibu na reli. Mwenye duka, mzee Om Prakash, aliinunua, akaiegesha ikitazama ukuta, na tangu siku hiyo hakuiendesha wala hakukubali kuiuza. Alipofariki, mwanawe Deep akaona nafasi inakaliwa bure, akampigia Nasir simu.

Deep alizaliwa Bungoma na alikuwa mtu wa masihara, lakini jioni ile hakutania. Aliuliza lori la kuibebea liko wapi. Nasir akamwambia hakuna cha lori, ameshaweka betri, ameosha kabureta, injini imeitika, wataiendesha wenyewe mpaka Kitale. Deep akajikuna shingo.

"Ibebe tu bana," akasema. "Baba alikuwa anasema hii gari isitoke hapa kwa miguu yake."

Nasir akauliza kwa nini. Deep akasema hajui, babake alikuwa na mambo yake.

Sumeya alipofungua mlango wa abiria, harufu ikampokea. Haikuwa ya oili wala ya kutu. Ilikuwa harufu ya tope la mto, na ya blanketi lililosahauliwa kwenye beseni la maji. Akajifunika pua kwa mtandio, akaketi. Gari limekaa nje miaka yote hiyo, alijiambia, panya wamezaa humo, atalifua lote akifika.

Walipofika Kibabii usukani ukavuta. Nasir akapigana nao kwa mikono yote miwili, gari likitaka kwa nguvu kuingia kijia cha udongo kilichokuwa kushoto, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Akasema ni magurudumu, atayapanga nyumbani. Wakapita Chwele, wakapita Kimilili. Jua likazama.

Kwenye daraja la Kamukuywa, katikati kabisa, injini ikazima.

Kimya.

Maji yalisikika chini yao. Nasir akashuka na tochi, akafungua boneti, akabaki huko akigongagonga. Sumeya akabaki peke yake ndani, na ile harufu.

Sasa nieleweni vizuri hapa. Sumeya alikulia Bungoma, karibu na msikiti, mlango kwa mlango na majirani wa Kibukusu, na aliyajua mambo yao ya misiba. Maiti akisafirishwa kurudi kwao, gari likifika mtoni linasimama. Mmoja wa wafiwa anainama juu ya jeneza na kumwambia marehemu kwa sauti: tunavuka sasa, usibaki hapa, twende nyumbani. Asipoambiwa, wanasema, atabaki ng'ambo ile. Sumeya alikuwa ameyaona hayo tangu utoto. Tena alikuwa na kipaji cha kuigiza sauti za wazee, kipaji kilichomletea makofi mengi kutoka kwa mamake.

Sijui ni utundu uliomtuma au ni woga. Nafikiri ni woga. Alikipigapiga kiti cha dereva kwa kiganja, akakaza sauti ya mama mfiwa, akanong'ona.

"Mzee, tunavuka mto. Usibaki hapa. Twende nyumbani, Kibomet. Karibu sana. Kwangu ni kwako."

Injini ikawaka.

Nasir alikuwa mbele, mikono yote miwili ndani ya boneti. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Alikuja mlangoni akicheka, ila uso haukucheka naye, akamuuliza mkewe amegusa nini. Sumeya akasema hajagusa kitu. Nasir akatazama chini ya dashibodi, akasema nyaya za stata zimegusana, gari la zamani halikosi vituko. Wakavuka. Sumeya akajifuta mkono kwa mtandio. Kile kiti alichokipiga kilikuwa kikavu walipotoka Bungoma, na sasa kiganja chake kilikuwa kimelowa.

Kazi ikaanza. Nasir aliisukuma Landrova chini ya kibanda uani, akaivua mabati, akakwangua kutu, akafungua breki na klachi. Kila asubuhi sakafu ya gari ilikuwa na maji. Hakukuwa na mvua, Kitale nzima ilikuwa inalia kiangazi. Nasir akasema ni umande, akatoboa matundu kwenye bati ili uchuruzike. Kesho yake maji yakawa mengi zaidi.

Siku Sumeya alipochana kiti cha dereva ili akitie sponji jipya, mchanga ulimwagika. Akasogeza beseni. Mchanga ukazidi kumwagika, laini, mweupe, mbichi kabisa, ukajaa beseni na kufurika juu ya miguu yake. Udongo wa Kitale ni mwekundu. Alisimama akiutazama, makasi mkononi, akajiambia labda askari walikuwa wakilala jangwani. Akakishona kiti upya kwa ngozi nzuri nyeusi na uzi maradufu, na moyoni hakupenda hata mshono mmoja wa kiti kile.

Nasir naye alikuwa anafanya kazi kwa kasi ambayo hakuwahi kuwa nayo. Alikuwa akinyoosha mkono nyuma ya injini bila kutazama na kurudi na skrubu aliyoitaka. Mwanzoni Sumeya alijivuna, akawaambia watu mume wangu huyo. Halafu akagundua kwamba haimbi tena akifanya kazi. Halafu chai akawa anainywa bila sukari, yeye ambaye alikuwa akila sukari hata kwa kijiko. Halafu Ijumaa ikapita hakwenda msikitini, na alipoulizwa alimtazama mkewe kwa adabu, kama mtu anayemtazama mwenye nyumba aliyopanga, akasema atakwenda nyingine.

Kikohozi kikafuata. Sumeya akampeleka kwa daktari, akapigwa picha, kifua kikaonekana kisafi. Jioni ile ile alikohoa juu ya kitambaa mbele yake. Sumeya alipokichukua kukifua, kilikwaruza vidole.

Mchanga.

Mweupe.

Sumeya akaogopa kwa kweli sasa. Akasoma alichokijua, akafukiza udi nyumba nzima, akamlaza mumewe mapema. Akienda kutazama kitandani anakuta godoro tu, lina umbo lake lililolowa. Nasir yuko kibandani, ameketi ndani ya Landrova gizani, amenyooka, anatazama ukuta.

Siku moja, muda mfupi baada ya adhana ya magharibi, alikwenda kumwita aje kula. Nasir alikuwa ameshika usukani. Vidole vyake vilikuwa vyeupe na vimekunjamana, kama vya mtu aliyeshinda akifua. Aligeuza kichwa polepole. Akasema kwa Kibukusu, lugha ambayo Sumeya aliielewa tangu utoto, na ambayo Nasir, mtoto wa Kitale, hakuijua hata salamu:

"Wilkista. Mbona hukuja kunichukua?"

Na hapa ndipo ninapompendea Sumeya. Mwingine angekimbia. Yeye alipandwa na hasira. Wilkista nani? Usiku kucha alipekua simu ya mumewe, akapekua mifuko, akajumlisha kila safari aliyowahi kwenda Bungoma kutafuta vipuri. Hakupata kitu. Alfajiri akajifunga mtandio na kuondoka kwenda Bungoma, amekaza meno, akimwomba Mungu kabisa kwamba liwe ni suala la mwanamke tu, mwanamke mwenye miguu na nyumba, mtu anayeweza kugombezwa.

Deep alikuwa anafungua duka. Aliposikia jina hilo aliweka kufuli chini.

Alisema Wilkista ni bibi wa Kibabii. Kila siku ya soko, tangu Deep akiwa mtoto, bibi huyo alikuwa akija nyuma ya duka, anaketi juu ya mawe kando ya ile Landrova, anaiamkia, anaongea nayo kidogo, halafu anakwenda zake. Marehemu baba alikuwa akimpelekea chai na kumwacha. Mara moja tu Deep alimuuliza babake yule ni nani, na babake akamjibu kwamba ni mtu anayetembelea watu wake. Tangu gari liondoke, bibi alikuja mara moja, akaona ukuta mtupu, akakaa chini akalia.

"Sikukwambia kwa sababu niliona aibu," akasema Deep. "Ningekwambia nini? Ati gari ina mgeni?"

Mwendesha boda alimfikisha Sumeya Kibabii na kuingia kile kile kijia cha kushoto. Sumeya alikitambua. Kilikwisha kwenye boma dogo lililofagiliwa. Kando ya nyumba palikuwa na kaburi la saruji ya zamani, na juu yake jina moja limechorwa kwa kijiti kabla saruji haijakauka: Wekulo.

Wilkista alikuwa mwembamba, amefunga kitambaa cheupe kichwani. Hakuuliza mgeni ametokea wapi. Alitazama mikono ya Sumeya, akamletea kigoda.

Mumewe, Wekulo, alikuwa dereva jeshini, alieleza. Alipelekwa kaskazini, huko kwenye mito inayokauka mwaka mzima, halafu siku moja inakuja na maji kutoka milima ya mbali bila hata wingu juu. Alikuwa anavuka mto mkavu. Maji yakamkuta katikati. Gari lilipatikana limezikwa na mchanga mpaka kwenye vioo. Mtu hakupatikana. Wakatafuta, wakachoka. Basi wazee wa Kibabii wakafanya kama inavyofanywa mtu wao akipotelea majini: wakakata shina la mgomba, wakalivika shati lake, wakalilaza kaburini, wakalilia, wakafukia. Kwa wazee ikawa imekwisha. Miaka ikapita, na siku moja ya soko Wilkista akakatiza nyuma ya duka la Mhindi na kusikia harufu ya sabuni ya mumewe na tope la mto.

"Nilijua ni yeye," akasema. "Nikawa naenda kumsalimia. Nikaomba wazee nimlete hapa. Wakakataa. Wakasema huyo amezikwa, mtu hazikwi mara mbili. Nami singeweza kumwambia njoo, kama wenye boma wamekataa. Kwa hivyo tukakaa hivyo."

Kisha akamuuliza Sumeya, polepole kabisa, kama walivuka mto naye, na kama kuna mtu aliyemsemesha.

Sumeya akamwambia. Alipofika kwenye yale maneno, kwangu ni kwako, sauti yake ilikuwa haisikiki.

Bibi akafumba macho.

"Umempa nyumba," akasema. "Nyumba ina mwenyewe mmoja, mtoto wangu. Sasa anamtoa yule mwingine."

"Akishamtoa?"

Wilkista aligeuza kichwa. Alitazama kaburi, na Sumeya akatazama kaburi, na kuku wakapita katikati yao wakidonoa.

Mpango ulikuwa mfupi. Sumeya alete gari na mtu wake. Wazee hawatakubali Wekulo aingie bomani, basi hahitaji boma, atapata mkewe. Wilkista ataingia garini aketi naye, na mengine Sumeya asiulize. Lakini mwenye kumkaribisha ni Sumeya, kwa hivyo mwenye kumfukuza awe Sumeya. Bibi akamshika mkono, akamfundisha maneno mpaka akayakariri: mkeo huyu hapa, nenda naye, kwangu si kwako, usirudi. Haya ya mwisho ndiyo yatakayofunga mlango, alisema. Ayaseme makavu. Asimwonee mtu haya.

Sumeya alimkuta Nasir kibandani. Jicho moja lilikuwa bado lake. Sijui niliseme vipi jambo hilo, lakini mke aliliona: jicho moja lilimjua, likamwomba, na la pili lilimtazama kwa ile adabu. Pumzi yake ilikuwa inatokota kooni kama maji kwenye chupa. Sumeya alilia kwa sauti, akamkumbatia, akasikia baridi yake ikipenya gauni. Halafu akamwambia kwa Kibukusu kwamba wanakwenda kwa Wilkista.

Landrova ikawaka kabla hajamaliza.

Alikuwa hajawahi kuona mtu anaendesha vizuri hivyo. Hakuna shimo waliloangukia. Nasir hakupepesa macho hata mara moja, na kila pumzi aliyovuta ilichelewa kidogo kuliko iliyotangulia. Maji yalipanda sakafuni yakafika kwenye vifundo vya miguu yao, mazito, na ndani yake kitu kilikuwa kinapita na kumgusagusa Sumeya miguuni. Hakutazama. Kwenye daraja la Kamukuywa aliuma mtandio kwa meno, asije akatoa hata sauti. Usukani ulipofika Kibabii haukuvuta. Uligeuka wenyewe, kwa upole.

Wilkista alikuwa amesimama uani kwenye mwanga wa mwisho. Amevaa gauni la kanisani na viatu. Alifungua mlango wa abiria, Sumeya akateremka, bibi akapanda mahali pake, akakunja mikono mapajani.

"Nimekuja," akasema.

Mikono ya Nasir ikaachia usukani. Sumeya alizunguka mbio, akamvuta kwa kwapa, akaanguka naye kwenye nyasi, mzito, amelowa, midomo ya samawati. Akaweka sikio kifuani kwake. Hakusikia kitu. Akainua macho kwenye gari.

Hapakuwa na mtu kwenye kiti cha dereva.

Lakini kile kiti, alichokishona kwa mikono yake mwenyewe, kilikuwa kimebonyea.

"Sema sasa," akasema Wilkista.

Sumeya akasema. "Mzee Wekulo, mkeo huyu hapa. Nenda naye." Sauti ilitetemeka lakini ilitoka. Mapajani mwake Nasir akashtuka, maji yakamtoka puani, akavuta pumzi ya kwanza ndefu, pumzi yake mwenyewe. Sumeya aliitambua. Furaha ikampanda hata akawa anaona kizunguzungu.

Ndani ya gari maji yalikuwa yameanza kupanda. Yalipanda nyuma ya kioo, ya rangi ya tope, yakapita magoti ya bibi, yakapita kiuno. Mlango ulikuwa umejaa nyufa na hakuna tone lililotoka nje. Wilkista hakupiga kelele. Alikaza kitambaa chake kichwani. Halafu akamgeukia Sumeya, akainua mkono, akampungia, taratibu, kama bibi yeyote anavyomuaga mtoto wa watu aliyekuja kumtembelea.

Na Sumeya alikuwa amelelewa vizuri. Mamake alimlea, madrasa ikamlea, mtaa mzima ukamlea. Mzee akikuaga unamwitikia. Mdomo wake ulifunguka wenyewe, kama ulivyofunguka kila siku ya maisha yake kila mgeni alipoondoka.

"Kwaheri, mama. Karibuni tena."

Alisikia alichokisema.

Bibi naye alisikia. Uso wake ulibadilika, macho yakamtoka, midomo ikaanza kusema kitu haraka haraka nyuma ya kioo. Maji yakaifunika. Sumeya aliinuka, akapiga kioo kwa ngumi, akapiga kelele kwangu si kwako, kwangu si kwako, usirudi, usirudi, mpaka majirani wakatoka na taa. Walipofungua mlango, Landrova ilikuwa kavu. Bibi Wilkista alikuwa ameketi wima, amekufa, gauni lake la kanisani lina unyevu kidogo tu. Wakasema ni uzee. Wakasema ni umande.

Walimzika vizuri, kando ya lile kaburi la mgomba. Landrova wenye boma hawakuitaka hata dakika moja. Wakaita wanunuzi wa vyuma, ikakatwa vipande siku ile ile, Sumeya akiwa amesimama hapo hapo mpaka kipande cha mwisho kikaondoka.

Nasir alipona. Baada ya siku chache alirudi kula sukari kwa kijiko, na kuimba vibaya kibandani, na kwenda msikitini na Shafi jirani yake. Hakukumbuka chochote tangu siku walipoileta Landrova. Alimuuliza mkewe imekwenda wapi, na Sumeya akamwambia wenyewe waliitaka, wakairudisha. Alisikitika kidogo, akatafuta trekta bovu la kujiliwaza. Sumeya hakumweleza zaidi. Angeanzia wapi? Mtu amekurudia kutoka huko, unamwambia habari hizo ili iweje? Alimtazama akilala, alimtazama akila, na alishukuru.

Ila majirani waligundua jambo. Ukibisha hodi kwa Sumeya, hakujibu. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, akakutazama usoni, akatazama nyuma yako, halafu akasogea kando upite, bila neno. Mgeni akiondoka alitikisa kichwa tu. Watu wakasema amekuwa na maringo tangu mumewe apone. Aliwaacha waseme. Aliamini kwamba maneno aliyopiga kelele pale Kibabii yalifika kabla maji hayajamfunika bibi masikio. Siku nyingine hakuamini.

Mvua ilikuwa bado haijanyesha. Jioni moja Sumeya alikuwa kwenye cherehani sebuleni, anashona turubai la lori, pini amezibana kwa midomo kama kawaida ya mafundi. Nasir alikuwa chumbani anabadilisha shati, anaimba. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishiwa tu kwa sababu ya joto.

Cherehani ilipotulia akasikia maji yakidondoka barazani.

Tone. Halafu tone.

Halafu harufu.

"Hodi," ikasema sauti ya bibi, kwa adabu. Kando yake mtu mwingine akakohoa, kikohozi kizito, chenye mchanga. "Hodi wenyewe. Tumekuja."

Sumeya alisimama. Alitikisa kichwa kuelekea mlango, akatikisa kwa nguvu, mikono mbele, pini zikamchoma ndani ya midomo alipojaribu kuifungua. Hakuna sauti iliyotoka.

Kule chumbani Nasir akaacha kuimba. Naye pia alikuwa amelelewa vizuri.

"Karibuni!" akaita. "Karibuni ndani, mlango uko wazi."